Kusanifu Upya Tovuti ya Biashara: Historia Fupi Kutoka Barabara ya Nadapal

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo nataka tuzungumzie swali ninaloulizwa mara kwa mara na wenye biashara wa Lodwar na Kakuma: "Kutengeneza tovuti ni pesa ngapi?" Na wale walio nayo tayari huuliza: "Hii yangu imezeeka, unaweza kunibadilishia rangi?"

Mimi huwajibu kwa swali jingine: anayeifungua hiyo tovuti ni nani, na ameshika nini mkononi? Wengi hudhani nakwepa kutaja bei. Sikwepi. Nimesoma sayansi ya kompyuta miaka minne na nimeandika programu miaka kadhaa, na kila nikitazama nyuma naona tovuti nyingi zilizokufa hazikuuawa na rangi mbaya. Ziliuawa na swali hilo kutoulizwa mapema. Basi leo tupitie historia kidogo, ya mtandao na ya huku kwetu, muone nina maana gani.

Kwa msomaji aliye Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, niwaeleze kwanza mahali penyewe. Barabara ya A1 inapanda kutoka Kitale, inapita Lokichar, inafika Lodwar ambayo ni makao makuu ya kaunti ya Turkana. Ukiendelea kama kilomita 120 unafika Kakuma, kisha Lokichoggio, kisha Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Bidhaa zetu nyingi, kuanzia unga hadi mabati, hupita barabara hiyo moja. Mradi wa kuitengeneza upya, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2015, uliweka pia katika mpango wake mkongo wa faiba wa kutoka Eldoret hadi Nadapal, zaidi ya kilomita 600. Kwa hiyo kwa mtu wa kompyuta kama mimi, Nadapal si mwisho wa lami tu. Ni jina la mwisho wa waya.

Kiwanda cha samaki cha Kalokol

Kabla ya kompyuta, tuanze na samaki. Watu wa Turkana wakitaka mfano wa mpango mkubwa uliokwenda mrama, wanataja Kalokol. Serikali ya Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki kando ya Ziwa Turkana. Kilikamilika mwaka 1981, kikatumia mamilioni ya dola, na kilifanya kazi siku chache tu. Kugandisha samaki kwenye joto la huku kulihitaji umeme na maji safi kwa gharama iliyozidi faida ya samaki wenyewe. Tena Waturkana wengi walikuwa wafugaji, si wavuvi. Baadaye, miaka ya 1980, ghuba ya Ferguson iliyo karibu ikakauka.

Sisemi haya kuwacheka Wanorway. Jengo lenyewe lilikuwa zuri. Ila waliopanga walianza na jengo, ndipo wakatafuta mtumiaji. Shikeni jambo hilo, maana mtandao nao ulikuja kuwa na Kalokol yake.

Miaka ya 1990: tovuti za kutazamwa kutoka mbali

Tim Berners-Lee aliufungua mtandao wa kurasa kwa umma mwaka 1991. Kurasa za kwanza zilikuwa maandishi na viungo, basi. Mwaka 1993 ikaja brauza ya Mosaic, picha zikakaa pamoja na maandishi, na hapo wafanyabiashara wakaanza kuamka. HTML haikuwa imebuniwa kwa ajili ya kupanga ukurasa kama gazeti, kwa hiyo wasanifu walitumia majedwali kama fremu za kuegeshea picha na safu za maandishi. CSS, lugha ya kutenganisha sura ya ukurasa na maudhui yake, ilitoka rasmi Desemba 1996, lakini brauza zilichukua miaka kuielewa vizuri.

Wakati huo huku kwetu kulikuwaje? Lokichoggio ilikuwa kituo cha ndege za misaada za Operation Lifeline Sudan iliyoanza 1989. Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, walipofika maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Mawasiliano ya mbali yalikuwa ya redio na setilaiti, na yalikuwa mikononi mwa mashirika. Kwa hiyo kurasa zilizoitaja Turkana ziliandikwa kwa ajili ya mfadhili wa Geneva au Oslo mwenye kompyuta mezani. Mwenye duka wa Kakuma alionekana kwenye picha, lakini ukurasa haukuwa wake wala haukuandikwa ili yeye ausome.

Simlaumu mtu. Aliyefungua ukurasa alikuwa mfadhili, na ukurasa ulimfaa mfadhili. Kosa linaanza pale mgeni anapobadilika na tovuti ikabaki ile ile.

Boo.com, Kalokol ya mtandao

Novemba 1999 kampuni moja ya London, boo.com, ilifungua duka la nguo mtandaoni. Walikuwa na pesa nyingi, walikuwa na picha za nguo unazoweza kuzizungusha, na hata msichana wa katuni aliyeitwa Miss Boo wa kumshauri mteja. Mei 2000 kampuni ilifungwa, ikiwa imetumia zaidi ya dola milioni 100.

Zipo sababu nyingi za kuanguka kwake, ikiwemo matumizi ya kifahari, lakini tovuti yenyewe ilichangia. Wateja wengi walikuwa wanaunganishwa kwa modemu ya simu. Hebu tupige hesabu pamoja. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikiwa katika hali yake bora kabisa, inaleta kilobaiti 7 kwa sekunde. Ukurasa wa kilobaiti 350 unahitaji sekunde 50. Huyo ni mteja aliyekuja na pesa mfukoni, nawe umemsimamisha mlangoni dakika nzima akingoja katuni ivae viatu. Wenye boo.com walipanga tovuti kwa kompyuta zilizokuwa ofisini kwao, na mteja akaifungua kwa kompyuta ya nyumbani kwake.

Kenya inaingia kwa mlango wa simu

Sasa turudi nyumbani. Kenya iliunganishwa na intaneti kamili katikati ya miaka ya 1990. KENIC, taasisi inayosimamia majina yanayoishia na .ke, iliundwa 2002. Lakini hadi 2009 nchi ilitegemea setilaiti, na wanaokumbuka saiba za enzi hizo wanajua ilivyokuwa: unalipa kwa dakika, ukurasa unafunguka nusu, muda unaisha. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, TEAMS nao ukaja mwaka huo huo, EASSy ukafuata 2010. Bei na kasi vikabadilika, ingawa faida ilifika Nairobi na Mombasa mapema kuliko Lodwar.

Jambo kubwa zaidi kwa biashara halikuwa mkongo, ilikuwa simu. M-Pesa ilianza Machi 2007. Opera Mini, brauza iliyokuwa inabana kurasa kwenye seva zake kabla ya kuzituma, iliwawezesha watu wenye simu ndogo kusoma tovuti kwa data kidogo sana. Mkenya wa kawaida hakupitia hatua ya kompyuta ya mezani. Alianzia mkononi.

Lakini tovuti za biashara zilikuwa zinatengenezwa vipi? Ukurasa wa mwanzo wa Flash wenye muziki, nembo inazunguka, na chini kitufe cha "ingia". Simu nyingi zile hazikuweza kufungua Flash kabisa, kwa hiyo mteja aliona boksi tupu. Ilichukua hadi Mei 2010 kwa Ethan Marcotte kuandika makala yake maarufu kuhusu ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa skrini. Aprili 2015 Google ilianza kuzipandisha kurasa zinazofaa kwa simu katika matokeo ya utafutaji wa kwenye simu. Flash yenyewe ilizikwa mwishoni mwa 2020.

Na mwishoni mwa 2008, huko Kakuma, waandishi wakimbizi walianzisha KANERE, gazeti lao huru, wakalichapisha mtandaoni kwa WordPress. Halikuwa duka, lakini nalitaja kwa sababu ya usanifu wake: maandishi kwanza, mapambo machache. Walijua wasomaji wao, walio kambini na walio mbali, na ukurasa wa namna hiyo haumhitaji mtu awe na mashine ya bei kubwa ili ausome.

Soko lililokuwepo bila tovuti

Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula Kakuma: sehemu ya mgao ikaja kama salio kwenye laini ya simu, mtu akaenda kununua kwa wenye maduka waliosajiliwa. Mwaka 2018 shirika la IFC lilichapisha utafiti uliotazama Kakuma kama soko. Ulikadiria uchumi wa kambi na mji kuwa kama dola milioni 56 kwa mwaka, ukahesabu biashara zaidi ya 2,000 kambini, zikiwemo 14 za jumla.

Hapo ndipo mimi hushika kichwa. Biashara 2,000! Pesa zinapita kwenye simu, maagizo yanapita kwenye simu, lakini ukitafuta mtandaoni duka la jumla la Kakuma, mara nyingi unakutana na ripoti ya shirika inayolizungumzia duka, si duka lenyewe. Mnunuzi wa shirika anayetaka bei za maharage anaweza kuagiza kutoka Eldoret kwa sababu tu wa Eldoret ana ukurasa wenye namba inayopokelewa. Lori linapita mbele ya duka la Kakuma likiwa limebeba bidhaa ambazo duka hilo linazo. Hii si hadithi ya teknolojia, ni hadithi ya nani anakula na nani anatazama.

Shamba la kupewa

Kuna waliojaribu kusaidia, na lazima niwe mkweli kuhusu msaada wenyewe. Mwaka 2011 Google, pamoja na Safaricom, KENIC na Equity Bank, walizindua mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti na jina la .co.ke, mwaka wa kwanza bila malipo. Wazo zuri. Baadaye Google ikaleta pia tovuti rahisi za bure kupitia ukurasa wa biashara kwenye ramani yake. Machi 2024 tovuti hizo za ukurasa wa biashara zikazimwa. Anwani zake ziliendelea kuelekeza watu kwenye wasifu wa ramani hadi Juni mwaka huo, kisha basi. Kabla ya hapo GeoCities, iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu, ilifungwa Oktoba 2009.

Sisemi msitumie vya bure. Kwa duka la kibanda, ukurasa wa bure na namba ya simu ni bora kuliko kutokuwepo kabisa. Nasema jueni mnalima shamba la nani. Siku mwenye shamba akilitaka, mahindi yako hayatamzuia.

Na msidhani mwenye shamba ni kampuni kubwa za ng'ambo tu. Mwaka uliopita nilipewa kazi na mzee mmoja wa Lodwar anayeuza vifaa vya ujenzi: simiti, nondo, mabati, matangi ya maji. Tovuti yake ilikuwa imetengenezwa na fundi ambaye sitamtaja. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha kubwa zinazopishana, za maghorofa ambayo hayako Turkana, uzito wa megabaiti kadhaa. Namba ya simu ilikuwa ndani ya picha, huwezi kuibonyeza ukapiga. Barua pepe iliyoandikwa pale ilikuwa imekufa, na mzee alikuja kujua hivyo baada ya kukosa zabuni ya kujenga madarasa, barua ya mwaliko ikiwa imetumwa huko huko. Kibaya zaidi, jina la domeni lilisajiliwa kwa jina la fundi, wakati mzee amelichora kwenye malori yake mawili na kulichapa kwenye vitabu vya risiti.

"Kijana wangu," aliniambia, "nililipa ili nionekane. Sasa naona inanificha."

Hatukuanza na rangi. Siku mbili nilikaa kaunta nikiandika maswali ya wateja, waliokuja na waliopiga simu. Mabati ya geji 30 ni bei gani? Mnaleta hadi Kakuma? Mnaenda Lokichoggio? Mnapokea kwa till? Mnatoa risiti ya eTIMS? Hili la mwisho lilitoka kwa wanunuzi wa mashirika, na kwao ni sharti, si swali. Nikagundua wageni ni wa aina mbili: mtu wa simu anayetaka bei na namba, na mtu wa ofisi anayetaka uhakika kwamba biashara ipo, inalipa kodi na inaweza kufikisha mzigo. Tovuti mpya ina kurasa nne, zinazojibu maswali hayo kwa mpangilio huo, na ukurasa wa mwanzo hauzidi kilobaiti 200. Yule wa kabambe yenye intaneti anaufungua, na wa kompyuta ya ofisi pia.

Kurudisha domeni kulichukua muda mrefu kuliko kuandika msimbo wote. Mazungumzo, simu zisizopokelewa, barua. Mwishowe ilihamishwa kwa jina la mzee mwenyewe.

Kuhama bila kupoteza watu

Domeni iliporudi, kazi iliyofuata ilikuwa anwani za zamani. Mwaka 1998 Berners-Lee aliandika makala akisisitiza kwamba anwani nzuri ya ukurasa haibadiliki, na ikibadilika ni kwa uzembe wa mwenye tovuti. Wengi wetu tukisanifu upya tunafuta kila kitu, tunapanda kipya, na kila kiungo kilichokuwa kwenye ripoti, barua pepe au ujumbe wa WhatsApp kinaishia ukutani.

Wafugaji wa huku hawahami hivyo. Boma likihama kufuata malisho, jamaa na majirani wanajua limeelekea wapi, na mgeni akifika atapata wa kumwonyesha. Mtandao una namna yake ya kufanya hivyo, imo kwenye kanuni za HTTP tangu 1996: jibu namba 301, maana yake "nimehamia kule, moja kwa moja". Kila anwani ya zamani ya mzee tuliielekeza kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo. Ni mistari michache kwenye seva, na fundi akikuambia haina haja, tafuta mwingine.

Chuo kando ya ziwa lile lile

Nimalizie historia pale pale ziwani. Mwaka 2015 lilianzishwa shirika la Learning Lions, linalofundisha vijana wa Turkana kompyuta na usanifu, pamoja na Digital Lions, kampuni inayowatafutia kazi, zikiwemo za kutengeneza tovuti za wateja wa nje. Mwaka 2021 chuo chao kilifunguliwa ufuoni mwa Ziwa Turkana, kimechorwa na Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alipata tuzo ya Pritzker. Ukikitazama utaona minara mirefu. Si mapambo. Imeigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa vya huku: hewa moto inapanda na kutoka juu, hewa baridi inaingia chini, vyumba na kompyuta vinapoa.

Ziwa moja, miaka arobaini kati yao. Kiwanda cha Kalokol kilipigana na joto kwa umeme ambao haukuwepo. Kéré aliuliza kwanza joto linatoka wapi na upepo unavuma upande gani, ndipo akachora. Kwangu mimi hilo ndilo somo zima la kusanifu tovuti, na limejengwa kwa mawe, mtu yeyote anaweza kwenda kulitazama.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu akutengenezee au akubadilishie tovuti, kaa na daftari ujibu haya:

1. Wageni wangu ni akina nani, na kila mmoja anakuja kuuliza nini?
2. Wanatumia simu gani, na bando lao linatosha kwa ukurasa wa uzito gani?
3. Domeni imesajiliwa kwa jina la nani? Likiwa si lako, anza hapo.
4. Anwani za zamani zitaelekea wapi?
5. Namba na barua pepe zilizo kwenye tovuti, nani anazijibu, na mara ya mwisho zilijaribiwa lini?

Rangi ni swali la sita. Faiba ikipita mlangoni kwako itaharakisha tovuti uliyo nayo, nzuri au mbaya. Haitakuchagulia.

Kama una tovuti ya biashara popote kwenye barabara hii, au unayo Mwanza au Goma yenye mkasa kama wa mzee wangu, niandikie hapo chini. Siku nyingine nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kukagua domeni yako imesajiliwa kwa nani. Tuonane.